Tumbo, mkorogo na sinia: majibu kwa wanawake wa Lamu

Nilijifungua miezi mitatu iliyopita, hapa Mkomani. Nilikandwa, nikafungwa mkaja mpaka arobaini, lakini tumbo bado laning'inia na michirizi imejaa. Mawifi wananicheka. Mume wangu akiingia chumbani, nazima taa.

Hongera ya mtoto kwanza, mwanangu, maana naona katika barua yako hakuna aliyekupa. Mkaja hushikilia kiuno, lakini mfuko wa uzazi hujirudi wenyewe, na huchukua kama wiki 6, yaani ile arobaini yetu. Misuli ya tumbo iliyoachana kumpa mtoto nafasi hukawia zaidi. Siku ya chanjo muulize muuguzi akupimie na akuonyeshe mazoezi. Michirizi ni ngozi iliyochanika kwa ndani. Itafifia, wala hakuna mafuta yatakayoifuta kabisa, hata wakikuuzia ghali. Na mumeo mwambie haya uliyoniandikia. Yeye hajui kwa nini unazima taa; huenda anadhani humtaki. Ukiwa unalia kila siku na mtoto humtamani, nenda kliniki wiki hii. Huo ni ugonjwa, na unatibika.

Harusi yangu imekaribia. Somo wangu, mwanamke anayenifunda, kaniletea krimu isiyo na jina, ati ning'ae siku ya kutolewa. Nipake?

Usipake. Mikorogo ya namna hiyo mara nyingi huwa na zebaki au steroidi, yaani dawa kali za jamii ya homoni. Zebaki hupenya ngozi, ikaharibu figo, na ukishika mimba humfikia mtoto. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa mataifa wa kudhibiti zebaki, uliigusa hata mikorogo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Bibi zetu walimsugua bibi harusi singo na liwa ili awe laini na anukie, si kumbadilisha rangi. Somo mshukuru, krimu mrudishie. Kama ulishaanza kupaka, ipeleke kwa daktari aione.

Naitwa ng'onda kwa wembamba wangu. Vidonge vya kunenepesha vinafaa?

Havifai. Vingi ni steroidi: uso hufura, sukari na presha hupanda. Ukiwa unakula vizuri na huumwi, huo ndio mwili wako. Ukiwa umepungua ghafla, kapime.

Binti yangu ana miaka 14. Ameacha kula usiku, ashinda akitazama picha za wasichana kwenye simu.

Nakuuliza kwa mapenzi, mama: wewe ukisimama mbele ya kioo, wasema nini juu ya mwili wako? Yeye husikia. Usimwambie "wewe si mnene", kwani utakuwa umekubali kwamba unene ni aibu. Mwonyeshe jinsi programu za simu zinavyokata kiuno na kulainisha uso. Jipigeni picha pamoja, mzibadilishe, aone kwa macho yake. Lakini akianza kujitapisha, akikosa hedhi au akizidi kukonda, msikawie nyumbani, mpeleke hospitali. Si ukaidi huo.

Leo usiku pakua kwenye sinia moja, mkae nyote. Mzungumze habari za shule, za bahari, za jirani aliyerudi Mombasa. Habari za mwili wa mtu yeyote zisitajwe.