Jibu: Focaccia yako inataka maji zaidi

Dada, umeuliza kwa nini focaccia yako inatoka kavu na ngumu, ilhali unakanda vizuri kama unga wa chapati. Basi hapo ndipo penye tatizo. Mkate huu wa Liguria, Italia, unataka donge laini linalonata vidoleni. Kwa gramu 500 za unga wa ngano tia maji mililita 400, chumvi gramu 10, hamira kavu kijiko kimoja cha chai na mafuta ya zeituni vijiko viwili vikubwa. Likinata, usiongeze unga, nakuomba! Lowesha mikono, vuta kingo uzikunje katikati, kisha rudia kila nusu saa mara tatu.

Kwa joto la mchana hapa Kampala huumuka upesi, kwa hiyo liangalie lenyewe, si saa. Ukitikisa trei yenye donge litetemeke, na mapovu yaonekane juu. Ndipo uzamishe vidole vyote hadi chini. Huko Genova, mji wa Liguria, humwagia juu maji ya chumvi yaliyochanganywa na mafuta. Yale madimbwi madogo ndiyo huacha mashimo laini yenye ladha.

Rozmeri mbichi ya kuweka juu ichovye kwenye mafuta kwanza, isiungue. Mujaaja wa uani, aina ya mrehani, nao unafaa, ila majani machache tu, una harufu kali.

Oveni nyuzi 220, dakika 25 hivi. Kama unatumia sigiri, weka makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini.