Cheti cha Jaguar hakisemi lolote kuhusu bodi ya Turin

SWALI: Nimepata Jaguar XK120 ya 1953, usukani kushoto, namba ya chasisi inaanza na S673. Bodi yake si ya Jaguar, ni coupe (yenye paa la kudumu), na muuzaji anasema iliundwa Turin, Italia, na hakuna nyingine kama hiyo duniani. Ana cheti cha Jaguar Heritage na namba zote zinalingana. Milango na sakafu vimeoza. Anataka gari lipigwe mchanga wa presha kuondoa rangi na kutu na kupakwa praima kwanza, ndipo nikalikague. Je, cheti kinatosha? – Msomaji, Leicester

JIBU: Hakitoshi. Na hiyo habari ya mchanga ikatae leo hii, kabla ya jambo lingine lolote.

Cheti hicho kinanakiliwa kutoka daftari za kiwanda cha Coventry. Kinataja namba za chasisi, injini, giaboksi na bodi, rangi, tarehe ya kutoka kiwandani na wakala aliyelipokea gari. Yaliyolikuta gari baada ya hapo, Coventry hawakuyaandika. S673 ni roadster (gari la wazi, lisilo na paa la kudumu) ya usukani wa kushoto yenye vifaa vya ziada, kwani coupe za kiwandani za upande huo zilianzia 679001. Kwa hiyo cheti chako kikiwa na namba ya bodi, kinachothibitisha ni kwamba gari lilitoka na bodi nyingine, ambayo baadaye ilivuliwa. Nani aliivua na lini, cheti hakijui.

Hili la “namba zinalingana” ndilo linalochosha. Injini inalingana, giaboksi inalingana, sawa. Lakini mwenye chasisi tupu ya XK120 anaweza kuivika bati lolote, iwe 1954, 1974 au mwaka jana, na namba zitaendelea kulingana vilevile. Madalali wanalijua hilo vizuri mno, ndiyo maana wanatanguliza cheti na kunyamazia bodi.

XK120 ya kweli ya aina hii ipo: S675018, iliyopelekwa kwa Max Hoffman, mwagizaji wa magari wa New York, mwaka 1954, ikavikwa bodi na Pinin Farina, karakana ya bodi ya Turin, na kuonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva 1955. Kazi ya kuifufua, iliyofanywa na Classic Motor Cars wa Bridgnorth, ilikula saa 6,725. Rangi yake ya mwanzo ilijulikana kwa kipande kidogo tu kilichokuwa kimejificha kwenye eneo la kioo cha mbele. Mchanga ungepita pale, kipande hicho kingeondoka na vumbi.

Sasa gari lako. Likague likiwa na kutu yake. Ng'oa paneli za ngozi za milango na utazame mgongo wake: karakana za Italia ziliandika namba ya kazi kwa penseli au chaki nyuma ya paneli, na mara nyingi kuigonga kwenye kingo za milango, boneti na buti. Namba moja ikijirudia sehemu tatu au nne zilizofichika, hapo una cha kuzungumza. Kisha shika spana. Chasisi ya Jaguar ina nyuzi za inchi. Bawaba, vitasa na mabano yaliyofungwa Turin yanatakiwa yawe na nyuzi za milimita. Ukikuta inchi kila mahali hadi kwenye bawaba, bodi hiyo huenda iliundwa Uingereza au Marekani. Tazama pia maungio ya kiunzi cha ndani, si viraka vya sakafu: miaka ya 1950 walichomelea kwa gesi, na mashine za MIG, za kuchomelea kwa umeme na waya, zilienea gereji za bodi miaka ya 1970. Mshono wa MIG kwenye kiraka ni matengenezo tu, ila ukiwa kwenye kiunzi chenyewe, muulize muuzaji maswali magumu.

Beji isikubabaishe, ni kitu cha skrubu mbili. Hadi 1961 jina rasmi lilikuwa maneno mawili, Pinin Farina. Gari la 1953 lenye beji ya “Pininfarina” limebandikwa baadaye.

Kuhusu mchanga, onyo hili si la XK120 peke yake. Bati la takriban milimita 1 likipigwa mchanga kwa presha kubwa hujikunja kama sufuria iliyosahauliwa motoni, namba zilizogongwa hufifia, chaki hupotea, na puti mpya hufunika kila kilichobaki. Halafu mafundi wa haraka “husawazisha” fenda mbili ambazo hazikuwahi kulingana, kwa sababu bati lilinyooshwa kwa nyundo juu ya umbo la mbao na tofauti ya milimita kadhaa ilikuwa kawaida. Hata aina ya bati ni ushahidi: Aston Martin DB4 GT iliyovikwa bodi na Bertone, karakana nyingine ya Turin, chasisi 0201/L, iliyoonyeshwa Geneva 1961, ina bodi ya chuma wakati DB4 GT nyingine ni za alumini. Sumaku ya bei rahisi inakuonyesha hilo bila kukwangua kitu.

Mwambie muuzaji alete picha za zamani zinazoonyesha namba ya usajili pamoja na bodi hiyo, ankara ya karakana, na hati za forodha. Kama liliwahi kusajiliwa Italia, daftari la magari la huko, PRA, lina mfuatano wa wamiliki. Asipoleta hata kimoja, mpe bei ya chasisi ya XK120 yenye injini yake, bodi uihesabu sifuri.