Kipimo cha matezi cha nusu saa, tuuze shamba tumpeleke baba nje?

SWALI: Daktari shikamoo. Naandika kutoka Uyole hapa Mbeya. Baba yangu ana miaka 66, amepasua mbao Mafinga miaka mingi na sigara alikuwa anavuta sana, ameacha juzijuzi tu. Alianza kukohoa mwaka jana, akapigwa picha ya kifua na baadae CT skani, wakaona uvimbe pafu la kulia na matezi ya katikati ya kifua yamevimba, wakatuambia huenda ni kansa na imeshafika kwenye matezi. Wamechukua kinyama cha ule uvimbe, wiki ya tatu hii tunasubiri majibu. Sasa mdogo wangu kasoma mtandaoni kuna kipimo kimetoka Japani kinasema ndani ya nusu saa kama kansa imefika kwenye matezi au bado. Familia inataka kuuza shamba la Tukuyu tumpeleke nje akapimwe. Tufanye hivo? Na kwanini huku majibu yanachukua muda wote huu?
Binti wa Mzee, Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana na kuuguza. Shamba msiuze, angalau sio kwa ajili ya kipimo hiki. Alichosoma mdogo wako ni kweli kabisa kipo, ila kinajibu swali ambalo baba bado hajafika.

Kinaitwa OSNA, kimetengenezwa na kampuni ya Sysmex ya Kobe, kilianza kwa kansa ya matiti alafu kikapelekwa kwenye kansa nyingine ikiwemo ya mapafu. Kinavyofanya kazi ni hivi: mgonjwa yuko mezani kwenye oparesheni, daktari anatoa tezi, linasafishwa mafuta, linasagwa lote ndani ya maji maalumu, yale maji yanazungushwa kwenye mashine mpaka uchafu utuame chini, alafu ya juu yanachukuliwa na kupashwa moto nyuzi 65 pamoja na dawa zinazonakili arienei (ujumbe ambao seli inaufuata kutengeneza protini) ya protini moja iitwayo sitokeratini 19. Hii protini inatengenezwa na seli za kansa nyingi za mapafu lakini tezi lisilo na ugonjwa halina kazi nayo, kwahiyo ikionekana humo ndani ujue kuna wageni. Na mashine inaonaje? Kadri nakala zinavyoongezeka yale maji yanaingia ukungu, mashine inapima imechukua muda gani mpaka ukungu utokee, ukiwahi maana yake kansa ni nyingi, ukichelewa ni kidogo, usipotokea hakuna. Jumla nusu saa mpaka dakika 40 hivi kwa tezi moja au machache.

Uzuri wake mkubwa kwa maoni yangu wala sio haraka, ni kwamba tezi lote linapimwa. Njia ya kawaida mtaalamu wa patholojia anakata vipande vichache vyembamba anaviangalia kwenye hadubini, ni kama mnunuzi wa mahindi anayechoma bambo kwenye gunia sehemu mbili tatu, kama wadudu wako kona nyingine hatawaona. Kansa iliyojificha kwenye tezi inaweza kuwa chini ya milimita 2, inapitwa kirahisi tu.

Lakini angalia, tezi likishasagwa limekwisha, huwezi tena kulirudisha kwenye hadubini ukaangalia lilikuwa na nini kingine, ndo maana wengi wanaligawa, nusu linasagwa nusu linabaki. Na kama kansa ya huyo mgonjwa haitengenezi ile protini, mashine itasema safi wakati sio safi. Hata nchi tajiri hospitali nyingi hazina OSNA na bado zinatibu vizuri kwa hadubini, kwahiyo mtu asiwatie hofu kwamba baba anakosa matibabu kwa sababu ya mashine hii.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nichague barua yako. Umeandika "imeshafika kwenye matezi". Nani amethibitisha? CT skani inaonyesha ukubwa, basi. Tezi la kifuani likizidi sentimita 1 kwa upande wake mfupi linaandikwa limevimba, ila picha haisemi limevimba kwa nini. Kwetu huku TB ipo, na TB inavimbisha matezi hayohayo ya katikati ya kifua, nimonia inavimbisha, na mtu aliyeishi kwenye moshi na vumbi miaka mingi matezi yake yanaweza kuwa makubwa bila kansa yoyote. Na kinyume chake pia, tezi dogo linaloonekana zuri kwenye picha linaweza kuwa na kansa ndani. Kwahiyo msikubali baba ahesabiwe kuwa kansa imesambaa kwa picha peke yake, kama kuna uwezekano wa oparesheni ombeni matezi yenyewe yachukuliwe kinyama. Siku hizi kuna mpira wenye kamera na ultrasaundi unapitishwa mdomoni mpaka kwenye njia ya hewa, sindano inachoma tezi kupitia ukuta wa njia hiyo, kifua hakipasuliwi. Pasipo na mpira huo kuna oparesheni ndogo ya kupitia tundu chini ya shingo.

Nawasisitizia hili kwasababu ndipo njia zinapogawanyika. Matezi yote yakiwa safi madaktari wanaandika N0, yakiwa yameguswa yale ya ndani ya pafu lenyewe au mlangoni mwake ni N1, hapo oparesheni bado inazungumzwa kwa mtu mwenye nguvu zake. Yakiguswa ya katikati ya kifua upande uleule wa uvimbe ni N2, hapo mara nyingi inakuwa dawa na mionzi, na oparesheni kwa wachache waliochaguliwa vizuri. Upande wa pili au juu ya mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ni N3, kisu kwa kawaida kinawekwa pembeni. Kwahiyo mtu mwenye matezi yaliyovimba kwa TB akiandikwa N3 kwa kukisia anaweza kunyimwa oparesheni ambayo ingemponya, na mimi hilo linaniuma kuliko kukosekana kwa mashine yoyote.

Kuhusu kuchelewa: kinyama kinalowekwa kwenye formalini, dawa ya kukizuia kisioze, kinaingizwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kinatiwa rangi ndipo mtaalamu anaangalia, kazi hiyo yenyewe ni ya siku chache. Zaidi ya hapo ni foleni, wataalamu ni wachache, sampuli nyingine zinasafiri kwa basi kwenda mji mwingine, na nyingine zinahitaji rangi za ziada kujua ni aina gani ya kansa. Wiki tatu ni nyingi. Usikae nyumbani unasubiri simu, nenda mwenyewe na namba ya sampuli uulize imefika wapi, kwa upole ila usiondoke bila jibu. Na wakati mnasubiri muulizeni daktari kama makohozi ya baba yamepimwa TB kwa GeneXpert, maana hicho nacho kinatafuta vinasaba na kinatoa jibu chini ya saa 2. Ila jueni kwamba TB ikionekana haifuti kansa, mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

SWALI: Dokta habari za kazi. Kaka yangu yuko Makambako, ana miaka 52, amemaliza dozi ya TB miezi 6 na sasa wanataka kumwanzishia tena kwa sababu bado anakohoa na amepungua uzito. Makohozi hayajawahi kuonyesha TB hata siku moja, walianzisha kwa picha tu. Nimsikilize nani?
Msomaji, Njombe

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Wakati mwingine TB inatibiwa kwa picha na hali ya mgonjwa bila makohozi kuonyesha, hilo sio kosa. Lakini mtu aliyemaliza dawa zote vizuri, makohozi hayajawahi kuonyesha kitu, na bado anakohoa na kukonda, asianzishwe dozi ya pili kabla hajatafutiwa sababu nyingine, na kansa ya mapafu ni mojawapo hata kama hajawahi kuvuta sigara. Ombeni rufaa, kwa upande wenu Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, apigwe CT skani na kama kuna uvimbe uchukuliwe kinyama. Akianza kukohoa damu, sauti ikakauka wiki nzima au uso ukavimba asisubiri tarehe ya kliniki, aende siku hiyohiyo. Na abebe picha zote za kifua za mwanzo, hata ile iliyopigwa kabla ya dawa, daktari akiziweka pamoja ataona kama lile doa limepungua, limebaki vilevile au limekua.