Maswali ya Wasomaji: Nani Alikibuni Kiti, Nani Alikitengeneza?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua mnadani viti vinne vya kulia chakula, vya mbao ya mtiki, ambavyo vikalio vyake vimefumwa kwa kamba ya karatasi. Aliyeniuzia alinihakikishia kuwa ni vya miaka ya 1950 na kwamba ni kazi ya Hans Wegner wa Denmark. Chini ya kiti kimoja nimekuta muhuri wa duara wenye maneno “Danish Furnituremakers’ Control”, nami nimetafuta habari za kiwanda chenye jina hilo bila mafanikio. Je, viti hivi ni vya nani?

JIBU: Hukukipata kiwanda hicho kwa sababu hilo si jina la kiwanda. Muhuri ulioukuta ni alama ya ukaguzi wa ubora iliyotumiwa na watengenezaji wengi wa samani wa Denmark, hivyo unakuambia nchi kilikotoka kiti na kwamba kazi yake ilikubaliwa na wakaguzi, lakini haukutajii fundi wala mbunifu. Hata hivyo usiupuuze, kwani mara nyingi jina la kiwanda hupigwa karibu nao, tena kwa herufi hafifu ambazo huonekana tu mtu akiinamisha kiti na kumulika tochi kwa ubavu.

Swali lako kwa kweli ni maswali mawili. Wegner alifunzwa useremala, lakini umaarufu wake ni wa ubunifu; michoro yake ilitengenezwa na karakana na viwanda mbalimbali. Kile kiti chake cha mviringo cha mwaka 1949, ambacho wagombea urais wa Marekani, Kennedy na Nixon, waliwekewa katika mdahalo wa televisheni wa mwaka 1960, kilitengenezwa kwanza na karakana ya Johannes Hansen, na baadaye kikatengenezwa na karakana ya PP Møbler. Kiti chake kingine cha mwaka huohuo, chenye mgongo wa umbo la herufi Y, kimetengenezwa na Carl Hansen & Søn tangu mwaka 1950 hadi leo. (Johannes, Carl na Fritz Hansen, aliyetengeneza viti vya mbunifu mwingine, Arne Jacobsen, ni kampuni tatu tofauti; jina la Hansen lina watu wengi mno Denmark, na wauzaji huwachanganya kila siku.) Kwa hiyo mtu akikutajia mbunifu bila kumtaja mtengenezaji, mwulize amejuaje, maana umbo peke yake ni ushahidi dhaifu: mtindo uliouzika uliigwa haraka, ndani na nje ya Denmark.

Ushauri wangu ni kuanza na mtengenezaji, na kwa viti vyako mahali pazuri pa kuanzia ni kwenye ufumaji wenyewe. Katika kile kiti cha Wegner chenye mgongo wa Y, kamba huzungushwa moja kwa moja kwenye mbao nne za fremu, na kikalio kimoja hula takriban mita 120 za kamba. Viti vya kiwanda cha J.L. Møller, ambavyo navyo hupatikana kwa wingi vikiwa vya mtiki na kamba ya karatasi, hufumwa kwa namna nyingine: ukichungulia chini utaona safu ya misumari iliyopinda kama herufi L, imepigwa upande wa ndani wa fremu ili kushika kamba. Ukiiona misumari hiyo, ningemfikiria Møller kabla ya Wegner, ingawa bado singeapa. Jambo la kufurahisha ni kwamba hapo maswali yako mawili yangekaribia kuwa moja, kwa kuwa Niels Otto Møller, aliyeanzisha kiwanda hicho mwaka 1944, ndiye pia aliyebuni viti vyake vingi, kikiwamo kile kinachojulikana kwa namba 71 cha mwaka 1951.

Kagua viti vyote vinne, si hicho kimoja tu, kwa sababu chapa inaweza kuwa imefutika kwenye vitatu na kubaki kwenye cha nne. Kisha pima urefu wa mgongo, upana na kimo cha kikalio, ulinganishe na vipimo vya katalogi za zamani za kiwanda unachokishuku. Viti vya kuigwa mara nyingi huachana na vile vya asili kwa sentimita chache. Na kabla hujamaliza uchunguzi huo, usimruhusu fundi yeyote kupiga msasa upande wa chini.

SWALI: Nimeambiwa kuwa kiti chenye skrubu za kichwa cha msalaba hakiwezi kuwa cha katikati ya karne ya 20. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Henry F. Phillips alipata hataza za skrubu hizo nchini Marekani mwaka 1936, kwa hiyo kiti cha mwaka 1950 kinaweza kuwa nazo tangu siku ya kwanza. Cha kuangalia ni kama skrubu imekaa sawasawa katika tundu lake, au kuna alama ya kichwa kikubwa zaidi kilichokuwapo awali. Ukiiona alama hiyo, basi skrubu ilibadilishwa, na haiwezi kukusaidia kukisia umri wa kiti.