Reli imekwisha kujengwa Kilosa: je, nafasi ya wanangu imepita?

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima wa Kilosa na baba wa watoto wawili. Mwanangu wa kwanza, aliyemaliza kidato cha nne kwa daraja la nne, alifanya kibarua cha kusuka nondo kwa karibu miaka mitatu wakati reli ya kisasa ilipokuwa ikijengwa huku kwetu, na kazi ilipokwisha alirudi nyumbani bila cheti chochote. Mdogo wake, msichana, yupo kidato cha tatu na anapenda sana fizikia. Sasa treni inapita nasi tunaitazama. Je, nafasi ya wanangu imeshapita? Pia kuna watu wanaopita mtaani wakinadi kozi ya miezi mitatu yenye ahadi ya ajira kwenye reli. Niuze mbuzi nilipe ada? — Baba wa wawili, Kilosa

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Nafasi ya ujenzi hapo Kilosa imepita kweli, wala sitakuficha. Lakini hiyo iliyopita ndiyo iliyokuwa fupi. Kutoboa mahandaki katika milima yenu na kujaza matuta kulihitaji mikono mingi kwa miaka michache, kisha wenye mikono hiyo wakaagwa. Uendeshaji, ambao ulianza Juni 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro na mwezi uliofuata ukafika Dodoma, hauna siku ya kukabidhiwa na kufungwa. Maadamu treni inatembea, lazima awepo mtu wa kuikagua, kuiongoza na kuitunzia njia, na huko ndiko binti yako anakopaswa kuelekezwa tangu sasa.

Wengi wetu tukisikia kazi za reli humfikiria dereva na mkata tiketi. Treni hii, hata hivyo, inavutwa kwa umeme wa kilovolti 25 unaopita kwenye nyaya za juu, nayo inaweza kufikia kilomita 160 kwa saa. Katika mwendo huo dereva hawezi kutegemea macho yake peke yake kujua kama mbele kuko salama, bali hutegemea mfumo wa ishara na mawasiliano unaoendeshwa kwa kompyuta. Nyuma yake, basi, yupo fundi wa umeme mkubwa, fundi wa elektroniki, fundi mitambo anayekagua magurudumu na breki, na mpimaji anayefuatilia kama njia imetitia au kusogea. Ninyi wa Kilosa mnaelewa uzito wa kazi hiyo ya mwisho kuliko wasomaji wetu wengi, kwa kuwa mmeshuhudia mara ngapi mafuriko yalivyoiharibu reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe. Mhandisi aliyekulia kando ya Mto Mkondoa, anayejua maji hupanda kwa kasi gani mvua inaponyesha milimani, ana elimu ambayo darasa peke yake halimpi mtu, na ningefurahi sana siku moja mhandisi huyo akiwa binti yako.

Kwa hiyo asiiache fizikia, wala hisabati, hata kama hisabati inamtesa. Akifaulu vizuri anaweza kuendelea na kidato cha tano kwa mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, kisha akasomee uhandisi chuo kikuu. Vyuo vya ufundi navyo hupokea waliomaliza kidato cha nne: sharti la kawaida la astashahada ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na kwa kozi za uhandisi hutazamwa zaidi masomo ya sayansi na hisabati. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, vyote vya jijini Dar es Salaam, pamoja na chuo cha reli cha Tabora, ni mahali pa kuanzia kuuliza. Akiambiwa kwamba kazi hizi ni za wanaume, mkumbushe kwamba jirani zetu wa Kenya walipozindua treni yao ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, miongoni mwa madereva walikuwamo wanawake vijana waliopelekwa China kujifunza.

Habari ya kaka yake inaniumiza. Kijana kusuka nondo miaka mitatu katika mradi mkubwa kuliko yote aliyowahi kuiona, kisha akaondoka kama alivyoingia, ni hasara kwake na kwa nchi. Haikulazimu iwe hivyo. Huko London, wakandarasi wa reli iliyofunguliwa mwaka 2022 kwa jina la Elizabeth walitakiwa kuchukua wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza ufundi wakiwa kazini, kadiri ya ukubwa wa kandarasi zao, na zaidi ya vijana 1,000 walipata mafunzo kwa njia hiyo. Nasi wenyewe, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilipojengwa katika miaka ya 1970, vijana wa Tanzania na Zambia walipelekwa China kusomea reli wakati mataruma yakiwa bado yanalazwa. Ninaamini madiwani na wabunge wa maeneo ambako ujenzi unaendelea, kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma, wanapaswa kudai kila kibarua apimwe ujuzi wake na kupewa cheti kabla hajaondoka saiti.

Mwanao hajachelewa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtu hupimwa kwa vitendo, huongezewa anachokosa, kisha hupewa cheti. Aende chuo cha VETA cha Mikumi, ambacho kimo wilayani mwenu, akaulize lini wanapokea watu wa fani yake, na achukue barua ya msimamizi wake wa zamani ikiwa bado anaweza kumpata. Akiwa na cheti hicho ataweza kuomba kazi Tabora au Mwanza kama fundi, si kama kibarua.

Mbuzi usiuze. Hakuna chuo chenye mamlaka ya kuahidi ajira katika Shirika la Reli, kwani nafasi zake hutangazwa hadharani kupitia Sekretarieti ya Ajira na kutuma maombi hakulipiwi. Watu hao wakirudi, waombe namba ya usajili wa chuo chao, kisha ihakikishe NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi, kabla hujatoa hata shilingi.