Mashine haijui kusoma, mimi ndo nilitakiwa nisome

Juzi kijana mmoja anayeanza kazi za kuchonga vibao kaniuliza, eti mbona maandishi yake kwenye CorelDRAW, programu ya kudizaini, yako safi kabisa lakini akiyahamishia kwenye programu ya mashine ya CNC, hii ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, yanakuja fonti nyingine, au hayaji kabisa. Nikacheka, maana hilo swali mimi nilijibiwa na ubao wa mninga, na ubao nilinunua kwa hela yangu.

Ilikuwa kazi ya mzee mmoja wa mtaani, kibao cha mlangoni cha madrasa, milimita 900 kwa 300, mninga wa inchi moja, juu bismillahi kwa Kiarabu na chini jina la madrasa kwa Kiswahili. Nikadizaini usiku nyumbani kwenye laptopu, nikasevu DXF, yaani faili ya mchoro ya kupelekea mashine, nikatia kwenye flashi. Asubuhi karakana nafungua kwenye kompyuta ya mashine, fremu ipo, nyota zipo, maandishi hakuna hata herufi moja. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani akaitengeneza upya ile faili. Mimi nikajiona mjanja, nikachukua bismillahi kwenye meseji ya WhatsApp aliyonitumia mzee nikaipesti humo humo kwenye programu ya mashine, jina la chini nikaliandika mwenyewe, nikavikuza mpaka vikajaa nafasi, nikawasha, maana umeme wenyewe siku hizo ulikuwa wa kuvizia. Kumbe ile programu ni ya zamani, haijui kuunganisha herufi za Kiarabu, ikaziweka moja moja kila moja kivyake, tena zinaanzia kushoto! Mimi chuoni niliishia juzuu amma, ningetulia nikaangalia ningeona, ila sikuangalia, nilikuwa nahangaika na vumbi la mninga na mnalijua lilivyo, unapiga chafya mpaka machozi.

Mzee akaja alasiri. Shikamoo, marahaba. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye herufi kuanzia kulia, akasimama, akarudia kuanzia kushoto, halafu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hapa umeandika nini?"

Sikuwa na jibu.

Sasa iko hivi. Ukiandika neno kwenye programu ya kudizaini, ndani ya faili linakaa kama neno pamoja na jina la fonti. Mashine haina habari na neno wala fonti, yenyewe inafuata mistari tu. Kompyuta ya pili kama haina ile fonti inaweka yoyote iliyonayo, na programu nyingine zikikuta maandishi kwenye DXF zinayaruka kimya kimya bila hata kukuambia. Kwahiyo kabla ya kusevu, geuza maandishi yawe mistari. Kila programu ya kudizaini ina vitufe vyake, CorelDRAW ni Ctrl+Q, Inkscape ni Shift+Ctrl+C, Illustrator ni Shift+Ctrl+O. Hapo Kiarabu kinabaki kimeungana vile vile ulivyokiona kwenye skrini, hata ikifunguliwa na programu ya mwaka gani. Ila ukishageuza huwezi tena kusahihisha spelingi kwa kibodi, kwahiyo sevu mbili, moja ya maandishi na moja ya mistari, na skrinshoti ya kumtumia mteja itoke kwenye ile ya mistari iliyofunguliwa kwenye kompyuta ya mashine, sio ile ya laptopu yako. Hili la skrinshoti naomba mlishike kuliko yote.

Halafu kuna kuunganisha. Herufi za Kiarabu, na hizi fonti za mwandiko wa kadi za harusi, zikigeuzwa mistari kila herufi inabaki umbo lake na zinapandiana kidogo pale zinaposhikana. Kwa macho huoni kitu, ila biti ya V, yaani kile kisu cha mashine chenye ncha kama V, inafuata kila mpaka, kwahiyo pale katikati ya maungio inakuachia kitu kama ukuta mwembamba. Zichague zote uzifanye umbo moja, kwenye Inkscape ni Ctrl na alama ya kujumlisha, halafu hesabu nukta za bismillahi zako kabla hujasogea, maana mimi nishawahi kupoteza nukta ya nuni.

Vipimo navyo. Inkscape za zamani zilikuwa zinahesabu pikseli 90 kwa inchi, kuanzia toleo la 0.92 la mwaka 2017 ni 96, Illustrator wao wako 72. Ukipeleka SVG, yaani faili ya mchoro ya Inkscape, ya 96 kwa programu inayohesabu 72, kibao cha milimita 300 kinakuwa 400, hilo utaliona mapema. Linalouma ni la 90 na 96, 300 inakuwa 320, unaona kama iko sawa mpaka biti inapanda kwenye fremu. Mimi siku hizi nachora kiboksi cha milimita 100 kwa 100 pembeni ya maandishi, nikifika upande wa pili nakipima kwanza, kikiwa 100 nakifuta naendelea.

Na biti jamani. Mstari wa herufi wenye upana wa milimita 6, biti ya V yenye ncha ya nyuzi 60 inashuka kama milimita 5.2, biti ya nyuzi 90 inashuka 3 tu. Ukiiambia programu umefunga ya 60 halafu kwenye mashine umefunga ya 90, inashuka 5.2 hiyo hiyo na upana unakuwa zaidi ya milimita 10, herufi zinalana. Mimi biti zangu nimezipaka rangi ya kucha, nyekundu 60, bluu 90. Wife alilalamika kidogo.

Vimaandishi vidogo kama namba ya simu, achana na fonti za kawaida, mashine ikiambiwa ipite juu ya mstari itazunguka herufi pande zote mbili na utapata herufi yenye uwazi katikati. Tumia fonti za mstari mmoja, Inkscape inazo, zinaitwa Hershey, alizitengeneza Allen Hershey miaka ya 1960 akiwa maabara ya jeshi la majini la Marekani, mpaka leo zinachonga namba za simu kwenye vibao vya huku kwetu.

Kibao cha mzee nilikirudia na ubao mwingine, hakunidai kitu zaidi ya kuja kukaa kwenye stuli na miwani yake, akasoma skrini kuanzia kulia mpaka mwisho ndo akaniambia haya washa. Ule wa kwanza sikuweza kuutupa na maneno yale hata kama yamevunjika, nikaupiga randa mpaka herufi zote zikaisha, ukabaki milimita kama 18, ndo ninaofanyia majaribio ya maandishi kabla ya kazi yoyote na nikiujaza naupiga randa tena. Sasa hivi uko milimita 11.