Kabla ya kununua miche ya mikoko, pima maji

Swali: Asalamu aleikum mtaalamu. Mimi ni karani wa ofisi hapa Lamu, kazini Jumatatu hadi Ijumaa. Nimeazimia Jumamosi zangu nizitumie kupanda mikoko na vijana wa mtaani, nipate kuacha kitu cha maana. Kuna uwanja wa tope mtupu mbele ya msitu, upande wa bahari, na yuko mtu wa kuniuzia miche 5,000 ya mkoko kwenye vifuko. Tupande kwa nafasi gani, na msimu gani?

Jibu: Waaleikum salaam. Nafasi ni mita moja kwa mita moja, kwa hiyo miche 5,000 hujaza nusu hekta. Hilo ni jepesi. Lakini tafadhali, usilipe hiyo pesa bado.

Maswali ya namna hii hunifikia kila mara, na karibu yote yanataja mahali pale pale: tope tupu mbele ya msitu. Watu wanapaona patupu wanadhani pamepungukiwa na miti. Pako wazi kwa sababu. Mikoko hudondosha mbegu nyingi kila mwaka na maji huzisambaza kila pembe ya mkondo. Pangefaa, miche ingekuwa imeshaota yenyewe. Tope hilo liko chini mno. Maji hulifunika saa nyingi kuliko mche unavyostahimili, mizizi inakosa hewa, mawimbi ya kusi yanaing'oa miche michanga, na iliyosalia hushikwa na mwani na vigamba vigumu vinavyogandia shina hadi linainama. Ukiona mche umevaa vigamba karibu na majani, jua umepandwa chini. Huko mbele kabisa mti unaojiweza ni mlilana, aina nyingine ya mikoko, si mkoko wenyewe unaouziwa, na hata mlilana una kikomo chake. Tena tope hilo si mahali pasipo na kazi: ndege wa pwani hula hapo, na wavuvi huchimba chambo.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ni ya kupima. Chagua ya bamvua, yaani siku za maji makubwa, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Chukua fito mbili zilizonyooka, zitie alama kila sentimita 10. Asubuhi maji yakiwa yamekupwa, simika moja ndani ya msitu wenye afya, penye miche michanga ya aina unayotaka kupanda, na ya pili pale unapokusudia. Maji ya bamvua pwani yetu hujaa mnamo saa kumi jioni. Ngojeni yasimame, siku isiyo na upepo mkali, kisha watu wawili wasome vipimo kwa wakati mmoja kwa simu. Tuseme msituni maji yamefika sentimita 60 na kwenye tope lako 130: uko chini kwa sentimita 70, na hakuna kifuko wala mbolea ya kuziba pengo hilo. Tofauti ikiwa ya sentimita chache tu, mahali hapo panaweza kufikiriwa.

Baada ya hapo geukia nyuma ya msitu. Mara nyingi kazi yenye faida iko huko, kwenye mapengo ya waliokata boriti na kwenye mabwawa yaliyokauka. Ukikuta miche asilia, usipande kitu. Ikinge na mbuzi na punda, na watu waache kupita juu yake. Ukikuta miti mama iko karibu lakini hakuna mche hata mmoja, yatazame maji. Yanatuama baada ya kupwa? Kuna ukoko mweupe wa chumvi? Mkondo umezibwa na mchanga, na tuta la njia, au na matawi yaliyoachwa na wakataji? Ondoeni matawi, fungueni mkondo kwa majembe, upana wa nusu mita watosha, mkifuata njia ya zamani ya maji. Kisha subirini msimu mmoja wa mbegu. Mara nyingi bahari yenyewe inamalizia.

Kupanda ni pale tu miti mama iko mbali na mbegu hazifiki. Na hapo mkoko hauhitaji kifuko. Mbegu yake huota ikingali mtini. Iliyokomaa huonyesha shingo ya manjano chini ya tunda na huachia ukiigusa. Msimu ni huo, mti ndio utakaokuambia. Tupa yenye matundu ya wadudu. Chomeka ncha iliyochongoka chini, isizidi theluthi ya urefu, kwa mkono. Ukiipigilia unachubua ngozi na inaoza. Kitalu ni cha mchu (nao ni aina ya mikoko) na mlilana, ambao mbegu zao ni ndogo. Kukuuzia mkoko kifukoni ni kukuuzia kitu unachookota bure.

Kuhusu ajira yako: maji hayajali wikendi. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kupwa huangukia kati ya saa nne na saa sita mchana. Wiki inayofuata, ya maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo), saa kama hizo maji yamejaa. Utapata Jumamosi mbili hivi kwa mwezi, kila moja kazi ya muda wa saa tatu au nne. Zinatosha nusu hekta, hazitoshi hekta tano. Misitu ya mikoko nchini ni ya serikali tangu 1932, basi kabla ya jembe pita ofisi ya misitu (KFS) na chama cha jamii cha misitu cha eneo lako. Huko utawakuta pia wakataji wa zamani, ambao wanaijua mikondo kuliko ramani yoyote.

Kinachonikera ni hawa wanaohesabu miche iliyotiwa ardhini. Watu mia kwa fulana moja, bango, picha, "tumepanda 10,000", na baada ya miezi sita hakuna aliyerudi. Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004 palipandwa sana. Watafiti walipokagua maeneo 23, tisa hayakuwa na mche hata mmoja ulio hai. Hesabu yenye maana hufanywa miezi mitatu, sita, kumi na miwili, kisha kila mwaka: weka viwanja vya mita tano kwa tano, kila kimoja kina miche 25, na uandike iliyo hai.

Wapo pia madalali wanaoahidi vikundi fedha za kaboni, yaani malipo kwa hewa ukaa ambayo miti huhifadhi, mara tu mkishapanda. Mikoko Pamoja, mradi wa kaboni wa jamii ya Gazi, Kwale, ambao wote huutaja, unalinda hekta 117, sehemu kubwa ikiwa msitu asilia uliokuwapo, na nyuma yake kuna miaka mingi ya vipimo vya watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Usitie sahihi karatasi yoyote inayompa mtu haki ya kaboni ya msitu ambao si wenu. Na huyo muuza miche, mwambie akupeleke mahali miche yake ilipopandwa miaka mitatu iliyopita, maji yakiwa yamekupwa.